Mtendaji Aliyeogopa Mkutano Uliotulia

Mtendaji hakuwahi kuamini mkutano uliotulia. Watu wakirushiana maneno, wakinyanyuka na kuonyeshana vidole, yeye aliegemea ukuta kwa raha kama mtu anayeota moto. Wakikaa kimya, mikono mapajani na macho chini, alianza kuhangaika. Alizunguka nyuma ya mabenchi akimwinamia huyu na yule: "Mama, huna neno? Na wewe mzee, mbona leo umefunga mdomo?" Asipojibiwa, aliahirisha. Mikutano mingi ya kata yetu iliahirishwa kwa sababu hakuna aliyepinga. Mgeni aliona kichekesho. Sisi tulijua tabia hiyo ilitoka wapi.

Namwita Mtendaji kwa sababu hata baada ya kustaafu hakuna aliyemwita vinginevyo. Alikuwa mtendaji wa kata, na kata yake ilikuwa yetu, upande wa Wanging'ombe, mwendo wa haisi moja kutoka Makambako na bodaboda juu yake. Mimi ni fundi seremala. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, na hapo ndipo nilipomtazama kwa karibu.

Wakati huo kijiji chetu kilikuwa kimoja chenye pande mbili. Kilimani kulikuwa na parokia, shule na ofisi ya kijiji, na wakazi wake wengi ni Wakatoliki. Bondeni wengi ni Walutheri, na hawakuwa na chochote cha serikali isipokuwa bomba lililokauka. Katikati palikuwa na bonde lenye kijito, na ndani ya bonde, vinyungu. Asiyetoka kwetu aelewe hivi: kinyungu ni shamba dogo la bondeni linalochimbwa wakati wa kiangazi, udongo wa huko ukiwa bado na unyevu, wakati mashamba ya juu yamekuwa vumbi. Mwenye kinyungu anakula mahindi mabichi na maharage wakati jirani yake anatazama mawingu. Kwa hiyo kila kiangazi Kilimani na Bondeni waligombania bonde lile. Kilimani walisema ni la babu zao. Bondeni walisema babu zao ndio waliolichimba.

Mtendaji, akiwa bado mgeni kazini, aliitisha mkutano akaleta pendekezo: vinyungu vyote virudishwe kijijini na kamati ivigawe upya. Alilisoma pendekezo pole pole, akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna aliyepinga. Akauliza tena. Watu wakatazama miguu yao. Akasema yale maneno ya kiofisi, kwamba kimya ni ridhaa, akafunga mkutano na kurudi nyumbani akiwa mwepesi. Asubuhi yake watu walikutana bondeni na majembe, na hawakwenda kulima. Walioumia walikuwa wengi. Baba Upendo wa Bondeni, aliyekuwa kijana mwenye mtoto mmoja, alipoteza jicho la kushoto.

"Mimi nimekulia hapahapa," Mtendaji aliniambia miaka mingi baadaye, tukingoja usafiri pale Igwachanya. "Mama yangu akimkatalia mtu, alikuwa ananyamaza. Bibi yangu hivyohivyo. Kwetu mtu mzima hakukatalii mbele za watu. Anakunyamazia, na wewe mwenye akili unachukua kofia yako unaondoka. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Halafu nikaenda kusomea utawala, wakaniambia kimya ni ridhaa, nami nikaamini karatasi kuliko mama yangu."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja mguu unaomuuma wakati wa baridi.

Tangu hapo akawa na vita yake na neno shwari. Taarifa zote zinazopanda kutoka vijijini huanza kwa kusema kwamba hali ya ulinzi na usalama ni shwari. Yeye alilikata. "Shwari ni ya baharini," alisema. "Sisi bahari hatuna. Andika kwamba watu wanagombana kwa midomo." Taarifa zake zilikuwa zikirudishwa zirekebishwe. Alizirekebisha, akazipeleka, na mwezi uliofuata akalikata tena.

Wazo la kugawa kijiji alilileta kutoka kwenye semina mjini Njombe. Mwezeshaji mmoja aliwasimulia habari za nchi zilizopigana zenyewe kwa zenyewe mpaka zikachoka, kisha mikoa iliyokuwa ikilalamika ikapewa serikali zake, bajeti zake na mabaraza yake, na bunduki zikapungua. Mtendaji alirudi na koti lake zito, hajapita hata kwake, akaja moja kwa moja karakanani kwangu. Nilikuwa napiga randa.

"Fundi, acha hiyo. Kumbe watu hawapigani kwa sababu wanachukiana."

"Wanapigana kwa sababu gani?"

"Kwa sababu wanasubirishwa."

Alikuwa amekaa juu ya mbao akila karanga kutoka mfukoni. Akaeleza. Mtu wa Bondeni akitaka barua ya utambulisho, kwa ajili ya mkopo, au shule ya mtoto, au kibali cha kusafirisha ng'ombe, anapanda Kilimani. Mwenyekiti wa kijiji hayupo ofisini, yuko shambani, na mhuri uko mfukoni mwake. Mtu wa Kilimani anamgongea jirani yake usiku na anapigiwa mhuri palepale. Mtu wa Bondeni anarudi kesho, na keshokutwa. "Kiangazi kikifika," alisema Mtendaji, "yule mtu anashuka na jembe, lakini jembe halimtafuti mwenye kinyungu. Linamtafuta mwenye mhuri."

Neno madaraka hakulipenda. Aliona ni zito na linawafanya watu wakae wima. Katika semina zake za uani alisema mhuri tu. "Kupeleka madaraka kwa wananchi maana yake nini? Maana yake mhuri ukae mahali ambapo bibi anaweza kuufikia kwa miguu yake na kurudi kabla chakula hakijapoa."

Kwa kuwa alijua napenda kusoma, alinituma nitafute zaidi juu ya zile nchi. Nikatafuta kadiri ya uwezo wangu, katika magazeti ya zamani, redioni, na baadaye kwenye simu. Nikamwambia nilichokiona: kuna mahali dawa hiyo imefanya kazi, na kuna mahali waliopewa serikali yao waliitumia kuwakandamiza walio wachache kuliko wao. Alisikiliza sehemu ya kwanza kwa makini. Sehemu ya pili aliipokea kwa kuuliza kama mbao za mkaratusi zinafaa kwa mabenchi.

Kugawa kijiji si jambo la siku moja. Mkutano mkuu ukubali, kata ikubali, wilaya ikubali, mkoa, kisha wizara. Kila ngazi ina mtu aliyesafiri. Nilimsindikiza mara kadhaa Igwachanya, kwenye ofisi za wilaya, tukikaa kwenye korido tukitazama mlango. Alikuwa na subira ya ajabu nje ya nyumba yake. Alimsalimia kila karani kwa "Kamwene" ya Kibena, kisha kwa Kiswahili, kisha akauliza habari za watoto, halafu ndipo akauliza habari za faili, ambalo daima lilikuwa limepelekwa mahali.

Nyumbani alikuwa mtu mwingine. Huyu aliyehubiri kwamba mhuri usogezwe kwa bibi, hakuruhusu debe la viazi litoke stoo bila yeye kusema. Kuku hakuchinjwa mpaka ametoka kazini. Mkewe, mama mpole mwenye macho ya kucheka, alivumilia mpaka siku moja wajumbe wote wa halmashauri ya kijiji tukiwa sebuleni kwake tukipanga mipaka. Akaingia na chai, akaiweka, akasimama.

"Mtendaji, naomba kuuliza swali kama mwananchi."

"Uliza, mama."

"Na jikoni je, madaraka yatafika lini, au nako faili limepelekwa mahali?"

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Yeye pia alicheka. Lakini ufunguo wa stoo ulibaki mfukoni mwake mpaka mama yule alipofariki, na baada ya hapo aliuacha mlangoni, mchana na usiku.

Kijiji kilipogawanywa hatimaye, alishughulikia mambo mawili kwa mikono yake mwenyewe.

La kwanza ni mpaka. Wengi walitaka kijito kiwe mpaka. Alikataa. "Kijito kina miguu," alisema, na alisema kweli, kwa sababu kila kiangazi wenye vinyungu huyageuza maji kwa jembe, na mwaka ujao kijito hupita kwingine. Akataka bonde lote, kingo zote mbili, liwe chini ya kijiji kimoja, ili maji yawe na msemaji mmoja. Kilimani wakaachiwa bonde lingine, lililo nyuma ya kilima chao, ambalo hata hivyo ndilo kubwa, na mpaka ukawekwa kwenye mstari wa mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi, juu kidogo ya kijito. Kwa hiyo kaya za Ng'ambo, zilizoko upande wa Kilimani wa kijito lakini chini ya mianzi, ziliangukia Bondeni. Walipoulizwa, watu wa Ng'ambo walisema sawa. Waliongea, walibishana, walisema sawa kwa midomo yao. Mtendaji aliridhika.

La pili ni samani. Alinipa kazi ya ofisi mpya ya Bondeni: meza moja na mabenchi. Nikamuuliza kiti cha mwenyekiti kiwe cha namna gani.

"Hakuna kiti. Benchi."

"Hata cha mwenyekiti?"

"Kiti kina mwenyewe, Fundi. Benchi halina."

Watu wa Bondeni wakamchagua Baba Upendo kuwa mwenyekiti wao wa kwanza. Nani mwingine wangemchagua? Jicho lake lilikuwa ndilo katiba yao. Siku alipokabidhiwa mhuri aliubusu, na wazee walilia. Na kiangazi kile hakuna aliyekwenda bondeni na nia mbaya. Wala kilichofuata, wala kilichofuata hicho. Naandika hili wazi kwa sababu ni rahisi kulisahau tukifika kwenye mengine.

Mengine ni haya. Baba Upendo aliongoza vizuri, kisha akaongoza kwa muda mrefu. Alipanda parachichi, kama kila mwenye nguvu siku hizi, na parachichi zinahitaji mtu awepo. Ofisi ikawa inafunguliwa akipata nafasi. Alikuja kwangu akaagiza kiti chenye mikono na mto. Nikakitengeneza, na ni kiti kizuri. Watu wa Ng'ambo wakaanza kuvuka kijito kutafuta mhuri, na wakati wa masika kijito hakivukiki. Walirudi na watoto wao na vyeti vyao vilivyolowa. Wakaanza kusema kwamba nao wanataka kijiji chao.

Wakati huo Mtendaji alikuwa amestaafu, anaishi Lyamkena kwa binti yake, mahali ambapo malori ya barabara kuu yanasikika usiku na mchana. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Nilipompelekea habari za Ng'ambo alinisikiliza hadi mwisho.

"Pale semina," alisema, "kuna swali nilipaswa kumuuliza yule mwezeshaji. Mkoa ukishapewa serikali yake, walio wachache ndani ya mkoa wanamwendea nani? Swali hilo nimelipata baada ya kustaafu." Akakohoa. "Na wewe uliniambia. Nikakuuliza habari za mkaratusi."

Mwaka huu, baridi ilipokaza, akanipigia simu.

"Fundi, nasikia Ng'ambo wamejitoa kwenye kundi la kijiji. Lile la kwenye simu."

"Ndiyo, Mzee. Wote."

"Walitukana kwanza?"

"Hapana. Mmoja mmoja tu. Fulani amejitoa, fulani amejitoa. Bila neno."

Nikasikia lori likipita upande wake. "Kuchimba vinyungu kunaanza lini?"

"Karibu. Wengine wameshanoa majembe."

"Niletee Baba Upendo. Na yule Mama Neema, si ndiye mwenyekiti wa kitongoji cha Ng'ambo? Waje wote siku moja. Mimi nikisema nije huko, nitaishia njiani."

Walikuja kwa haisi moja bila kusemezana, mmoja mbele na mwingine nyuma kabisa. Mtendaji alikuwa barazani, amejifunika koti lilelile, kwenye benchi nililomtengenezea alipostaafu, la kipimo kilekile cha ofisini. Akasogea kwenye kiti cha plastiki akawaachia benchi. Wakakaa ncha na ncha. Katikati yao ungeweza kufunga mbuzi.

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba. Haya, Mwenyekiti. Habari za bondeni?"

"Shwari tu, Mtendaji."

"Shwari."

"Ndiyo. Hakuna lalamiko lolote lililoletwa mezani kwangu."

Mama Neema hakusema kitu. Alikuwa anatazama miguu yake. Mtendaji alimtazama akitazama miguu yake, na nikaona mkono wake umeshika ukingo wa kiti.

"Baba Upendo," alisema, "mhuri unakaa wapi siku hizi?"

Mkono wa Baba Upendo ulikwenda kwenye mfuko wa koti kabla mdomo haujafunguka. Mama Neema akacheka, kicheko kifupi cha puani.

"Jibu basi, Mwenyekiti. Mkono umeshajibu."

"Mhuri hauwezi kulala ofisini, kuna wezi."

"Wezi! Nilikuja na barua ya mwanangu wa chuo. Ukaniambia ngoja namaliza kupogoa. Nikasimama chini ya parachichi zako mpaka mvua ikanikuta, nikakuta kijito kimejaa, nikalala kwa watu. Na uliniona. Jicho ulilobakiwa nalo uliniona nalo."

"Mama, usitaje jicho langu. Jicho hili limetoka kwa ajili ya bonde lile. Ninyi Ng'ambo siku ile mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa wapi?" Alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Nani alikufunga kanga kichwani? Nani alikuosha damu akakuvusha mgongoni kama mtoto? Kanga yangu ya harusi ile, Baba Upendo. Mpaka leo hujanirudishia."

Baba Upendo akanyamaza. Akainamisha kichwa akatazama sakafu. Mtendaji akapiga fimbo chini.

"Usinyamaze! Mjibu."

"Nimjibu nini, Mtendaji?"

"Chochote. Mtukane kama huna kingine."

Kisha Baba Upendo akasema kwa sauti ndogo, "Wakijitenga, wanaondoka na ukingo ule wa juu. Vinyungu vizuri viko huko. Watu wangu nitawaambia nini?"

"Ahaa," alisema Mama Neema. "Sasa umesema neno. Si wezi. Ni vinyungu." Akamgeukia Mtendaji. "Mzee, wao uliwapa kijiji. Tupe na sisi."

Mtendaji alichelewa kujibu kwa sababu ya pumzi.

"Mimi sina cha kumpa mtu tena, mama. Nilifikiri nikisogeza ofisi karibu ugomvi utakufa. Haukufa. Ulipata ofisi." Akapumzika. "Na tangu umepata ofisi hakuna mtu aliyetobolewa jicho. Hicho ndicho nilichopata katika miaka yote ile, na sikioni kidogo. Mkitaka kugawana, nendeni Igwachanya, njia ni ileile na korido ni ileile. Lakini nakwambia, mkishapata kijiji mtagundua kuna nyumba chache ziko ng'ambo ya Ng'ambo, nazo zimenuna."

Mama Neema akajizuia, akashindwa. "Hizo nazijua. Ni za kwa shemeji yangu."

"Mpe mhuri shemeji yako," alisema Baba Upendo.

"Nianze kupata mimi kwanza!"

Mtendaji akaegemea ukuta, akafumba macho. "Endeleeni," alisema. "Nawasikia."

Wakaendelea. Baba Upendo akasema angeweza kuvuka na mhuri kila Jumatano, akae Ng'ambo mpaka jioni. Mama Neema akauliza Jumatano ya mwaka gani. Ya wiki hii. Na masika je, utaogelea? Masika mhuri utabaki kwako. Kwangu? Kwako. Sema tena Fundi asikie. Na vinyungu? Vinyungu hatujafika huko. Tufike basi, au unataka tufike na majembe? Sauti zilipanda. Binti wa Mtendaji akatoka jikoni na mikono yenye unga, akatazama, akarudi. Haisi za mwisho za jioni zilikuwa zinakaribia kuondoka, nikawakumbusha. Walinyanyuka wakibishana, wakaaga wakibishana, wakatoka getini wakibishana, Mama Neema akihesabu kwa vidole mbele ya uso wa Baba Upendo, naye akimwambia punguza mkono, hilo jicho ndilo lililobaki.

Sijui kama Jumatano ile itafika. Mambo ya kwetu yameanza vizuri mara nyingi.

Binti akatoka tena. "Baba, wale watu watapigana barabarani."

Mtendaji hakufumbua macho. Uso wake ulikuwa umechoka, uchovu wa miaka, si wa siku ile.

"Wanafanya nini, Fundi?"

Nikasogea getini. Walikuwa wamesimama katikati ya njia, bodaboda zikiwakwepa.

"Wanagombana."

"Kwa sauti?"

"Majirani wametoka nje."

Akavuta koti mpaka kidevuni.

"Vizuri," alisema. "Wakinyamaza, niamshe."